Risasi ya 0.5 na mpaka wa shamba

Katika ramani iliyochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Mstari wa risasi ya penseli ya milimita 0.5 hapo unakalia mita moja na robo ya shamba la mtu, upana wa kutosha kupitisha ng'ombe wakienda mtoni. Hesabu hiyo ndiyo iliyomfunza mchora ramani mmoja mstaafu wa Homa Bay, ambaye majirani humwita Jaduong', kuchagua risasi za penseli kwa umakini ambao wenzake waliuita wazimu.

Alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana kutoka upande wa Oyugis, wakati Homa Bay ilikuwa makao makuu ya wilaya moja kubwa ya South Nyanza iliyoteremka hadi mpaka wa Tanzania. Migori ya leo ilikuwa ndani yake. Sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi ilikuwa imefika vijijini. Wazee wa kamati waliketi chini ya mti, wenye mashamba wakaonyeshana mipaka, ua wa minyaa au mkonge ukapandwa, na ndege ikapita juu kupiga picha. Picha zikakuzwa, kisha wachoraji wakainamia meza na kufuatisha ua mmoja baada ya mwingine hadi kila shamba likapata umbo na namba.

Kazi ile ilianza kwa penseli na kumalizikia kwa wino. Penseli yenyewe ilikuwa ya mbao, 4H, iliyochongwa kwa wembe na kusuguliwa kwenye kipande cha msasa mpaka ncha ikawa kama sindano. Kijana mgeni alipewa msasa kabla hajapewa karatasi. Alichonga asubuhi, akachonga tena kabla ya chai, na kila baada ya mistari michache aliizungusha penseli vidoleni ili ncha isilike upande mmoja. Mchoraji asiyezungusha alijulikana kwa mstari wake: huanza mwembamba, huishia mnene.

Halafu kulikuwa na ziwa. Homa Bay imekaa ufuoni kabisa, na msimu wa masika karatasi hunyonya unyevu hadi inalegea. Risasi ngumu ikikutana na karatasi ya namna hiyo hailazi rangi, inachimba mtaro. Mtaro huo haufutiki kwa raba, na wino ukipita juu yake husambaa. Kwa hiyo miezi ya mvua wachoraji walishuka kutoka 4H hadi 2H, wakakubali mstari kuwa mweusi zaidi na kuchafuka kidogo chini ya kiganja. Jua likirudi, nao wakapanda tena hadi 4H. Hakuna aliyewaandikia hilo katika mwongozo wowote. Waliambizana mezani.

Sababu iko ndani ya risasi yenyewe, ambayo licha ya jina lake haina risasi ya metali hata chembe. Tangu mwaka 1795, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza ya njia yake, risasi ya penseli ya mbao imekuwa mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi uliochomwa tanuruni. Udongo ukizidi, risasi huwa ngumu na hafifu, nayo hupewa herufi H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi, nayo ni B. HB imekaa katikati, na penseli nyingi zilizouzwa madukani kusini mwa Nyanza zilikuwa hiyo tu.

Penseli za ofisini na za dukani ziliishi maisha tofauti. Zile za 2H na 4H zilitoka bohari ya serikali, zikiandikiwa kwenye daftari na kutolewa kwa sahihi. Za dukani zilikuwa HB za watoto wa shule. Mtoto wa Ndhiwa au Rongo aliyenunuliwa penseli hakuulizwa anataka ya ugumu gani. Aliulizwa kama ataikata nusu ampe mdogo wake. Nusu hiyo ilichongwa ncha zote mbili, ikafungwa uzi na kuning'inizwa shingoni, maana penseli iliyopotea ilikuwa na kesi yake jioni nyumbani.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na mtihani wa KCPE ukaja nao, HB ilizidi kutawala. Mtahiniwa wa darasa la nane alijibu maswali ya kuchagua kwa kuchora kistari cheusi ndani ya kisanduku kidogo, na karatasi zake zikasomwa na mashine. Historia ya mashine za namna hiyo ina uhusiano wa karibu na grafiti. Mwalimu mmoja wa Michigan, Marekani, Reynold Johnson, aligundua kwamba alama ya penseli hupitisha umeme, na kampuni ya IBM ikatengeneza kutokana na wazo lake mashine ya kusahihisha mitihani iliyoitwa 805 mwishoni mwa miaka ya 1930. Mashine za baadaye ziliacha umeme zikatumia mwanga: grafiti huumeza mwanga, karatasi nyeupe huurudisha. Kwa njia zote mbili masharti ni yaleyale. Alama iwe nyeusi, iwe na grafiti ya kutosha, na ifutike vizuri mtoto akibadili nia. 4H ya Jaduong' ingemfelisha mtoto, na 6B ingepaka uchafu hadi kisanduku cha jirani.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumshawishi mzazi yeyote wa miaka hiyo kwamba kuna penseli nyingine duniani.

Jaduong' aliiona penseli ya kubonyeza kwa mara ya kwanza mkononi mwa mchoraji wa mitambo aliyekuwa na kazi Awendo, ambako Kampuni ya Sukari ya South Nyanza iliundwa mwaka 1976. Kabla ya hapo alikuwa ameshika zile nene za milimita mbili, ambazo risasi yake hubanwa kwa meno ya chuma na bado huhitaji kuchongwa. Hii ilikuwa kitu kingine. Unabonyeza kitako, risasi nyembamba inatokeza, na unene wake haubadiliki kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hakuna wembe wala msasa. Alikaa nayo muda akichora mistari nyuma ya fomu ya zamani, mwenye penseli akamsubiri kwa subira iliyokuwa ikiisha.

Kilichofanya wembamba ule uwezekane kilitoka Japani. Udongo na grafiti peke yake, vikichomwa na kuwa kijiti cha nusu milimita, hukatika vikiguswa. Mwaka 1960 kampuni ya Pentel ilitoa risasi ambamo kifungo si udongo bali utomvu wa kiwandani. Ukichomwa pasipo hewa, utomvu huo hugeuka kaboni na kuishikilia grafiti kwa nguvu, na kwa kuwa kaboni nayo ni nyeusi, kijiti chote huandika. Risasi bora za leo bado ni za ukoo huo.

Penseli aliipata. Tatizo likawa chakula chake. Duka la vitabu lililouza penseli za kubonyeza mara nyingi halikuuza risasi za kujazia, na lililokuwa nazo lilikuwa na HB tu. Za 2H ziliagizwa Kisumu au Nairobi kwa mtu anayesafiri, na msafiri akasahau, au akarudi na 0.7 kwa mwenye penseli ya 0.5. Hapo mteja wa Homa Bay alijifunza kanuni ambayo haina huruma: 0.7 haiingii kwenye bomba la 0.5, na 0.5 ikitiwa kwenye 0.7 huteleza na kuangukia mezani. Lililobaki ni kuhifadhi. Vikasha vya risasi za 2H vilifungiwa droo moja na mihuri.

Kuna jambo ambalo wachoraji pekee ndio hulijali. Risasi inayoitwa 0.5 kwa kweli ina unene wa karibu milimita 0.56, kwa mujibu wa kipimo kilichokubaliwa kimataifa. Kwenye ramani ya 1 kwa 2,500 hiyo ni mita moja na sentimita arobaini. Jaduong' alijaribu 0.3 ili apunguze, na kwa siku zenye karatasi kavu aliifurahia. Lakini mkono wake uliozoea kukandamiza 4H ya mbao uliikata kila mara, akairudisha 0.5 kwa penseli na kuuachia wino kazi ya wembamba.

Nyanja nyingine za kazi zilikuwa na mahitaji yake. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo kaskazini-magharibi ya mji wa Migori na ambalo UNESCO iliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, lina kuta zilizopangwa bila saruji, nyingine zikifika zaidi ya mita nne kwenda juu. Wanaochora kuta za namna hiyo jiwe kwa jiwe hupenda karatasi ya plastiki isiyolegea kwa mvua, na juu ya plastiki mambo hugeuka: risasi laini hupakaa na kufutika kwa jasho la mkono, kwa hiyo hutakiwa 4H au hata 6H. Kule mchoraji wa mashamba alikokimbia ugumu kwa sababu ya unyevu, mchora magofu huukimbilia kwa sababu iyo hiyo.

Ufuoni nako, Mbita au Homa Bay yenyewe, karani anayeandika kilo za samaki boti zinapoingia hana haja na haya yote. Mikono imelowa, daftari limelowa. Wino wa kalamu nyingi hukimbia ukiguswa na maji, grafiti haikimbii. Lakini penseli ya kubonyeza ya 0.5 huchoka mapema hapo, kwani mchanga huingia kwenye bomba na karatasi mbichi hupasuliwa na ncha nyembamba. Penseli ya mbao ya 2B inamtosha karani huyo, na akitaka ya kubonyeza basi iwe 0.9.

Siku hizi ukipita madukani Migori mjini, au uteremke hadi Isebania ambako barabara kuu inavuka kuingia Sirari, tatizo la uhaba limekwisha. Penseli za kubonyeza zimetundikwa kwa karatasi nzima, zenye picha za katuni na raba ya rangi kitakoni. Vikasha vya risasi vimejaa kwenye bakuli karibu na peremende. Vingi vimeandikwa HB, na baadhi havisemi unene. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule Migori huwauliza watoto swali moja tu kabla ya kuwauzia: umekuja na penseli yako? Asiyekuja nayo humrudisha nyumbani, kwani amechoka kubadilishiwa bidhaa. Yeye mwenyewe hukitikisa kila kikasha. Kikilia kwa sauti ya vipande vingi vidogo, anajua risasi zilivunjika njiani, kwenye buti la matatu au nyuma ya pikipiki, na anakiweka kando.

Ni kipimo kizuri, ila hakitoshi. Kasha linaweza kuwa zima na risasi ikawa mbovu: ngumu kuliko HB inavyotakiwa kuwa, yenye chembe zinazokwaruza karatasi, au yenye unene usio sawa unaokwama bombani. Hilo halionekani kwa macho. Linaonekana kwenye karatasi.

Ofisi za ramani zenyewe zimehama. South Nyanza iligawanywa, kaunti zikaja mwaka 2013, wapimaji wanatembea na vifaa vya setilaiti, na mfumo wa kidijitali wa ardhi, Ardhisasa, ulizinduliwa Nairobi mwaka 2021. Mstari wa kompyuta hauna unene: uukuze upendavyo, unabaki mstari. Hata hivyo michoro mingi iliyo nyuma yake ni ileile iliyofuatishwa kwenye picha za ndege, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inatamka kwamba ramani huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuandikwa kuwa wa kudumu. Majirani wanaogombania hatua moja ya ardhi na kukimbilia ramani wanakuta mstari wa penseli umeimeza hatua yao.

KCPE nayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanafunzi wa leo wa shule za sekondari kama Kanga, Rapogi au Asumbi wanachora grafu za hisabati na michoro ya biolojia kwa risasi za kubonyeza, na wengi hawajui kwamba ugumu ni jambo la kuchagua. Kwa grafu, HB ya 0.5 inafaa. Kwa mkono unaokandamiza, au daftari la karatasi nyepesi, 2B ya 0.7 ni bora, kwa maana inaandika bila kulazimishwa na haikatiki upesi. Usibonyeze zaidi ya mara mbili, na usinunue kikasha kisichotaja unene na ugumu.

Na wenye maduka ya Migori, Rongo, Oyugis na Homa Bay mnaombwa jambo moja. Kila aina ya risasi mnayoleta, fungueni kikasha kimoja, kitieni kwenye penseli, muiache kaunta pamoja na karatasi ili mteja aandike mistari miwili kabla hajalipa.