Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kinayo



Wapendwa wasomaji, katika sebule ya nyumba yetu hapa Kerende zimetundikwa kofia tatu za pikipiki. Mbili ni za kuvaa. Ya tatu ina ufa upande wa sikio la kulia, na haivaliwi tena. Wageni hutuuliza kwa nini hatuitupi. Wiki hii tumeona vema kuwajibu, ingawa jibu lenyewe ni maungamo.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, tuliitwa alasiri kwenda kumpaka mafuta mgonjwa katika kigango kimoja upande wa Mto Mara. Nyuma yetu alipanda katekista, mzee aliyetuzidi umri. Kofia ilikuwa moja. Tulimpa, naye akakataa: "Vaa wewe, Padre. Mimi nakaa nyuma tu." Hatukumsihi mara ya pili. Penye korongo gurudumu la mbele liliteleza juu ya changarawe, tukaanguka sote wawili. Mwendo haukuwa mkubwa. Sisi tuliinuka na mchubuko wa goti na ufa ule katika kofia. Yeye hakuinuka upesi. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mpaka leo majina ya watoto aliowafundisha Komunyo ya Kwanza humponyoka, na somo refu halifikishi mwisho bila kuumwa kichwa.

Waamini walitufariji wakisema, "Padre, ajali haina kinga." Kwa muda mrefu tuliupokea msemo huo kama dawa. Siku hizi twaushuku. Ni kweli, siku ya ajali hakuna aijuaye. Lakini sisi wawili tulianguka ajali moja, njia moja, mwendo mmoja. Ajali haikuwa na kinga; kichwa kimoja kilikuwa nayo, kingine hakikuwa nayo.

Ukweli huu ulikwisha kuonekana zamani. Mwezi Mei 1935 huko Uingereza, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi mashuhuri wa Arabuni, alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akafariki siku chache baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi ulioonyesha faida ya kofia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Inafanyaje kazi hiyo? Ganda la nje hulitawanya pigo lisiangukie mahali pamoja. Ndani yake limo povu gumu, jamaa ya lile jeupe linalofungashwa pamoja na televisheni mpya. Povu hilo hubonyea, na kwa kubonyea hulimeza pigo kabla halijaufikia ubongo. Likishabonyea halirudi tena. Ndiyo sababu kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa imemaliza kazi yake, hata kama ganda linang'aa. Kwa sababu hiyohiyo tusinunue kofia iliyotumika, maana historia yake hatuijui.

Sasa, namna ya kuchagua. Kwanza, sisi tunaokaa jirani na mgodi wa North Mara tunazijua sana kofia za wachimbaji, na tumewaona vijana wakiendesha pikipiki wakiwa wamezivaa. Kofia ile imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu. Haiyafuniki masikio wala kisogo ipasavyo, na mara nyingi haina mkanda wa kidevu. Mwenyewe akianguka, kofia hutangulia kwenda njia yake.

Pili, kipimo. Chukua futi ya fundi cherehani, ukizungushe kichwa juu kidogo ya nyusi, ndipo uchague saizi. Kofia iwe imekubana kidogo bila kukuumiza. Funga mkanda, tikisa kichwa, kisha isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka macho au kuvuka kichwa, hiyo si yako. Inayofunika uso mzima hukinga hata kidevu na taya.

Tatu, tazama ndani. Povu liwe gumu na nene, kama inchi moja hivi. Kofia zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa huwa na alama ya herufi E ndani ya duara. Alama huweza kughushiwa. Kwa hiyo usiiamini peke yake.

Nne, utunzaji. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali. Ndugu zetu wa bodaboda, msiisafishe kwa petroli, kwani petroli hulila povu. Abiria wanaochelea jasho na mapunye ya watu wengine tunawaelewa. Dawa yake ni kitambaa chepesi chini ya kofia, si kilemba kinene kinachoizuia isikae vizuri.

Na kofia iliyoning'inizwa kwenye kiwiko ikimngojea askari wa barabarani hailindi chochote isipokuwa kiwiko. Tena mwenye kupakiza mishikaki ajiulize ni vichwa vingapi amevibeba, na ana kofia ngapi.

Amri ya tano tumezoea kuisikia katika habari za panga na mshale. Sisi tuliisikia upya pale korongoni. Kumpenda jirani kulikuwa na bei ya kofia ya pili, nasi hatukuwa tumeilipa.

Wiki iliyopita tulikwenda tena na katekista kwenye kigango kilekile. Alianza maneno yake ya zamani: "Padre, mimi nakaa nyuma tu." Safari hii hatukujadiliana naye. Tulimvika kofia na kumfunga mkanda chini ya kidevu kwa mikono yetu wenyewe. Ndipo tukawasha pikipiki.