Mchanga wa Madimba na breki za keramiki

Leo lekcha ilikuwa breki za keramiki: nyuzi za kaboni ndani ya silikoni kabaidi. Porsche waliziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, diski zina uzito karibu nusu ya zile za chuma. Mimi akili ikakimbilia Madimba, kwa kaka na bodaboda yake. Punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha diski. Zikinasa kwenye pedi zinakwangua kama msasa. Silikoni kabaidi inauzidi mchanga kwa ugumu. Safi! Ila pedi bado zinalika, na seti ya diski hizo inaizidi bei pikipiki yake nzima. Nikampigia: breki ikianza kukwaruza usibebe abiria, osha mchanga, kagua pedi. Akacheka, “Dogo, tuma na hela ya pedi.” Boom lenyewe bado, jamani.