Jasho la Mtungi

Msomaji, ukiulizwa ni chombo gani kipoozacho maji, yamkini utataja jokofu. Hutakosea, lakini utakuwa umemsahau mzee aliyeifanya kazi hiyo kabla jokofu halijazaliwa, naye ni mtungi wa udongo. Mimi nilimdharau mzee huyo nilipokuwa mtoto, na dharau yangu iliua viumbe wawili.

Nililelewa na Susu, yaani bibi yangu, upande wa Makueni, si mbali na mto Athi ambao ng'ambo yake ni Kitui. Mwezi mmoja wa Oktoba, kabla ya mvua, nilikamata samaki wawili wadogo katika kidimbwi kilichokuwa kikikauka. Niliwatia katika chupa ya kioo, nikaiweka dirishani ili kila apitaye awaone. Susu akasema, "Mjukuu wangu, kioo hakina kivuli. Watie mtungini." Nilicheka moyoni. Nani afichaye pambo lake ndani ya udongo? Niliporudi kutoka shuleni adhuhuri niliwakuta wakielea, matumbo juu, na maji yana joto kama ya kuogea.

Sababu niliijua baadaye. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama maji baridi. Lita 1 ya maji yenye joto la nyuzi 20 yaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Likifika nyuzi 30, hushika 7 na nusu tu. Tena joto likizidi, mwili wa samaki hudai hewa zaidi. Haja huongezeka wakati ule ule akiba ipunguapo.

Nilitaka kujaribu tena, na hapo ndipo nilipoijua bei ya ubaridi. Maji yetu yalitoka chini ya mchanga wa mto. Susu aliamka alfajiri, akafukua kwa kata, akangoja yajikusanye, akayabeba mgongoni. "Mtungi haupoozi bure," aliniambia. "Hunywa kidogo katika kile ukitunzacho." Hata hivyo alinipa mtungi wake mkuukuu, uliovunjika shingo ukabaki na mdomo mpana, kwa sharti moja: maji yatakayopungua niyateke mimi mwenyewe.

Sikiliza jinsi ufanyavyo kazi. Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo, hutokea nje kama jasho, kisha hugeuka mvuke. Na yakigeuka mvuke huchukua joto la yale yaliyobaki. Lita 1 ikipaa yote huchukua joto litoshalo kupooza lita zaidi ya 50 kwa nyuzi 10. Twapata chini ya hapo, kwa maana joto la nje halikomi kurudi ndani. Kwa hiyo mtungi hutaka kivuli na upepo mkavu. Upepo wa Kitui na Makueni wakati wa kiangazi waufaa sana. Hewa ya Mombasa, iliyojaa unyevu, haikaushi jasho upesi. Wala usiupake rangi, kwani rangi huziba vitundu.

Samaki wangu wa tatu aliishi mtungini hadi mvua ziliponyesha, nikamrudisha mtoni. Siku zote hizo nilikwenda mchangani pamoja na Susu, na mgongo wangu ukajifunza uzito wa kile nilichokuwa nikikinywa bila kufikiri.

Usidhani elimu hii ni ya vijijini tu. Yuko mnyama wa majini aitwaye aksoloti, ambaye asili yake ni maziwa ya Xochimilco katika Jiji la Mexico. Watu wa nchi nyingi humfuga nyumbani, naye hudhoofika maji yakizidi nyuzi 20 kwa muda mrefu. Mfugaji asiye na fedha za mashine ya kupoozea huelekeza feni juu ya maji ili yapae upesi, kisha huongeza yaliyopungua. Feni yake ni upepo wetu, na maji aongezayo ni yale niliyobeba mimi.

Nchi yetu nayo yajua kutunza maji. Katika Kitui na Makueni watu wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta hukingamishwa mtoni, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa chini yake, mbali na jua na upepo. Mtungi hutoa maji kidogo ili yaliyobaki yapoe. Mchanga huyaficha ili yasipotee. Mwenye hekima hutumia vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Basi, msomaji, mzee akikuambia neno juu ya chombo cha kale, usicheke moyoni kama mimi. Muulize sababu. Na kila unywapo maji baridi, kumbuka kwamba yako maji mengine yaliyopotea ili hayo yapoe, na kwamba yuko mtu aliyeyabeba.