Sinza: gari linang'aa, injini inagoma

Jumamosi ukipita Sinza hadi Mwenge, mshikaji, utawakuta vijana wa kuosha magari wamekunja suruali, mipira inamwaga maji, muziki juu, nyama choma pembeni. Raha tupu! Wengi husafishia hapo kabla ya kukata mbuga kwenda Bagamoyo.

Balaa linaanza kijana anapouliza, "Braza, nipige na injini?" Maji ya presha yanajaa kwenye mashimo ya plagi, kwa magari ya zamani, hata ndani ya distribyuta. Umeme unavuja, plagi haichomi, gari linamisi au linagoma kabisa. Na kuharibikiwa Mapinga usiku, mtoto wa watu yuko kwenye siti, si mchezo!

Likigoma, usilazimishe stata mpaka betri ife, wala usikimbilie kununua plagi mpya. Toa terminali ya betri, chomoa koili, kausha kwa upepo wa kompresa au kitambaa. Maji yatoke kwanza ndipo ufungue plagi, la sivyo yatatumbukia kwenye silinda.

Ukitaka injini safi, subiri ipoe, kisha tambara bichi linatosha. Bagamoyo utafika tu!