Nusu Siku Rumangabo

Watu wa Goma tunaijua barabara ya Rutshuru kwa vitu vinavyoshuka nayo: kabichi za Kibumba, viazi, karoti, mbao, na kuliko vyote, makala, yaani makaa ya kupikia. Makala huja kwa malori, kwa pikipiki, na kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao kijana huuwekea goti moja na kuuacha uteremke mpaka soko la Virunga. Nilikulia katika nyumba ambayo gunia la makala lilihesabiwa kila mwezi pamoja na karo ya shule. Likiisha kabla ya wakati, mama alinyamaza siku nzima.

Kuipanda barabara hiyo kwa matembezi, pasipo biashara, msiba wala harusi, lilikuwa jambo geni kwetu. Ilikuwa Agosti 2017, katikati ya likizo kubwa. Kaka yangu alikuwa ameniachia watoto wake wawili: msichana wa miaka kumi, mpole, mwenye kuuliza maswali mazito jioni wakati wa kulala, na mdogo wake wa miaka saba, ambaye wiki ile yote alikuwa akizungumzia nyoka tu. Mwalimu wao alikuwa amewasimulia habari za chatu, na kijana akaamini kwamba kila msitu una chatu wake anayengoja kutazamwa. Niliposema nitawapeleka Rumangabo alikubali upesi, kwa sharti kwamba tutaona nyoka.

Rumangabo iko kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Goma. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya kambi kubwa ya jeshi, na kila vita vinapozuka Rutshuru, redio hulitaja. Lakini ng'ambo ya barabara, chini ya miti mirefu, ndipo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Virunga. Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, na ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, kisha mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa Kibumba na Mugunga na kukata kuni msituni, ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nilisoma shule ya msingi na ya sekondari Goma, na hakuna mwalimu aliyewahi kutupeleka kuiona.

Tulipita Munigi, Kanyaruchinya na Kibati, mahali ambapo wapandaji wa Nyiragongo walianzia safari. Mawe meusi ya volkeno yalikuwa pande zote mbili. Kibumba, baridi ilituingia ndani ya gari, na watoto wakajifunika kitenge changu. Baada ya Rugari mlima Mikeno ulijitokeza mawinguni, mita 4,437, mkali kama jino. Msichana aliutazama mpaka shingo ikamchoka. Akauliza kama gorila wanaishi kule juu kabisa. Nikamwambia wanaishi kwenye miteremko yake, lakini wale tunaokwenda kuwaona wana habari nyingine.

Getini tulipokewa na mlinzi ambaye alikuwa mwongozaji wetu kwa saa zote tulizokaa pale. Jina lake nitaliacha. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuwajibu watoto kwanza, wakubwa baadaye. Kijana alimwendea moja kwa moja kumuuliza habari za nyoka. Yule baba hakucheka. Akamwambia: "Nyoka siwezi kukuahidia, mtoto. Yeye hatoki kwa kuitwa. Lakini kuna ndugu yake hapa karibu, kama bado hajahama."

Akatupeleka kwenye njia ya miguu kati ya nyumba za mawe na msitu. Alitembea akitazama vichaka kwa urefu wa kifua, polepole, kisha akasimama. Sisi hatukuona kitu. Akaelekeza kidole, na hata hapo ilichukua muda, mpaka jani moja likawa na jicho.

Alikuwa kinyonga dume mwenye pembe tatu, moja juu ya pua na mbili mbele ya macho, aina inayopatikana katika milima hii ya kwetu, ya Rwanda, Burundi na Uganda. Urefu wake ulikaribia kiganja na nusu, mbali na mkia. Rangi ilikuwa kijani chenye mikanda ya njano ubavuni. Miguu yake ilikishika kitawi kwa vidole vilivyogawanyika mafungu mawili, na jicho moja lilitutazama sisi huku lingine likigeukia nyuma kwa shughuli zake. Akanyanyua mguu mmoja, akausitisha hewani, akautikisa mbele na nyuma kana kwamba upepo ndio unaoupeleka, ndipo akaushusha.

Msichana alirudi nyuma, akanishika mkono. Kwetu kinyonga huogopwa. Mama yangu akimwona shambani hupiga kelele, na nimewaona vijana wakimpiga mawe kwa kuamini kwamba akikugusa utapata nuksi. Mlinzi alijua hayo yote. "Musiogope," alisema. "Huyu hana sumu. Mumuangalie tu, musimuguse. Wale wasio na pembe ndio majike." Kijana aliinama karibu mpaka pumzi yake ikalitikisa jani. "Shangazi, iko na pembe tatu!" Alisema hivyo mara nyingi, na mwongozaji alimwachia wakati wote alioutaka. Nilithamini sana jambo hilo. Wageni wengi walifika Rumangabo kwa ajili ya gorila na kupita hapo mbiombio, na mlinzi mwenye haraka angetupitisha mbele ya kiumbe yule bila kusimama.

Kisha tukaenda kwa mayatima.

Kituo kinaitwa Senkwekwe, na ndipo mahali pekee duniani panapolea gorila wa milimani waliopoteza wazazi. Senkwekwe alikuwa dume mwenye mgongo wa fedha, kiongozi wa familia ya Rugendo. Julai 2007 watu wenye silaha waliingia msituni upande wa Mikeno wakampiga risasi, yeye na majike kadhaa wa familia yake. Hawakuchukua nyama wala ngozi. Wanakijiji waliwabeba kwa machela za miti, watu wengi chini ya mzigo mmoja, na picha aliyopiga Brent Stirton ya dume yule akiwa amefungwa mikono na miguu ilienea dunia nzima. Walioyafuatilia mauaji hayo walitaja biashara ya makala. Gorila walipata ulinzi, ulinzi uliwazuia wakataji, na kuna watu waliohesabu kwamba gorila wakiisha sababu ya kuulinda msitu ule nayo itaisha.

Habari hizo nilizijua kwa redio. Kuzisikia tena pale, huku nyuma ya ua kukiwa na mtoto wa mmoja wa majike wale, kuliniumiza kwa namna ambayo redio haikuwahi kuniumiza. Huyo ni Ndeze. Mwenzake, Ndakasi, aliokotwa mwaka huohuo wa 2007, akiwa na umri wa kama miezi miwili, aking'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa. Mlinzi André Bauma ndiye aliyemchukua na usiku ule akamlaza kifuani, kwa sababu kichanga wa gorila akikosa joto la mwili huenda asifike asubuhi. Wote wawili walilelewa kwanza Goma mjini, kabla kituo hiki cha Rumangabo hakijawa tayari. Watu wa mtaa wetu hawakujua kabisa kwamba wana majirani wa namna hiyo.

Tulivaa barakoa. Mwongozaji alieleza kwamba mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwaua. Kijana, aliyekuwa na kamasi tangu Kibumba, aliishikilia yake kwa mikono miwili mpaka mwisho wa ziara. Tulisimama upande wetu, na upande wa pili Ndakasi alikuwa ameketi kwenye majani akimenya bua. Alilivuta ganda la nje kwa meno, akalichana utepe mmoja mrefu, akautupa, akaula ule moyo laini wa ndani, kisha akachagua bua lingine. Alikataa mawili kabla ya kulipata alilolitaka. Mikono yake ilikuwa na kucha nyeusi zilizokatika kama za mtu wa shamba. Mlezi mmoja aliingia na ndoo. Ndakasi akaacha alichokuwa akifanya, akamfuata, akamshika mguu wa suruali, wakaenda pamoja mpaka kivulini.

"Ana miaka ngapi?" msichana aliuliza.

"Kumi," mlinzi alisema. "Alizaliwa 2007."

"Sawa na mimi."

Hakuuliza kitu tena kwa muda mrefu. Mlinzi akamfundisha kuwatofautisha kwa pua: mikunjo iliyo juu ya matundu ya pua haifanani kati ya gorila mmoja na mwingine, na walinzi huichora kwenye daftari ili kuwatambua msituni. Msichana alichora pua ya Ndakasi na ya Ndeze kwa kalamu nyuma ya tiketi. Ya Matabishi, dume mdogo aliyepatikana peke yake mwaka 2013, hakuipata, kwa sababu alikuwa ametugeuzia mgongo.

Niliuliza iwapo siku moja watarudishwa msituni. Mlinzi alifikiri kabla ya kujibu. Akasema wamezoea watu mno, na mtu wa kwanza kukutana nao kule anaweza kuwa na bunduki. Mwaka 2012, waasi wa M23 walipofika Rumangabo na wengi wakaondoka, Bauma alibaki na wanyama wake. Mlinzi yule alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja zamu ya kazi.

Mengine ya siku ile nitayapitia upesi. Tuliona mbwa wa kunusa wenye masikio yanayoburuta, wanaofundishwa kufuata harufu ya majangili kutoka mahali mnyama alipouawa. Watoto waliwapenda. Tuliona mbega wakiruka juu ya mapaa ya nyasi ya Mikeno Lodge. Tulikunywa chai.

Lakini kile chumba cha cherehani sitakipita upesi. Ndani walikuwamo wajane wa walinzi waliouawa kazini, wakishona wanasesere wa gorila kwa ajili ya wageni. Mama mmoja alikuwa akijaza tumbo la mwanasesere kwa vitambaa, akikandamiza kwa kidole gumba, huku mtoto wake amelala chini ya meza. Msichana alimwamkia, wakazungumza mambo ya shule. Nilinunua mwanasesere mmoja. Nilitaka kumwambia mama yule neno, na maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa mepesi. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa wakiilinda Virunga. Aprili 24, 2020, karibu na hapohapo Rumangabo, walinzi 12 na dereva wao waliuawa siku moja katika shambulio lililoua pia raia wanne waliokuwa safarini. Mimi sijui kama mwongozaji wetu alikuwa miongoni mwao. Niliogopa kuuliza, na mpaka leo sijauliza.

Wakati wa kurudi tuliyapita malori ya makala tangu Rugari. Sehemu kubwa ya makala yanayouzwa Goma hutoka ndani ya mbuga. Msichana aliyatazama magunia, akanitazama mimi. Nilitamani asingeuliza, akauliza: "Shangazi, haya yetu ya nyumbani yanatoka wapi?" Nikamwambia ukweli.

Tangu jioni ile hesabu ya gunia nyumbani kwetu ilibadilika. Mama alisikiliza yote, akasema maharage hayaivi kwa huruma, na alikuwa na haki. Mwanamke wa Kibumba anayeuza makala ana watoto. Na yule anayenunua ana watoto. Mwishoni mwa 2015 mbuga ilizindua mtambo wa umeme wa maji Matebe, Rutshuru, na baadaye umeme wake ukafika Goma. Sisi tulipoupata, tulinunua jiko la umeme la kupikia chai, mchele na mboga. Maharage na muhogo vimebaki kwa makala. Gunia ambalo zamani liliisha kwa mwezi sasa linavuka mwezi wa pili. Si haba, wala haitoshi. Nitalisema hili mbele ya yeyote: mayatima wale tumewafanya mayatima sisi tunaopika, pamoja na wale walioshika bunduki, na mzigo wa kubadilisha jiko hauwezi kuachiwa fukara wa Rugari peke yake.

Ndakasi alifariki Septemba 26, 2021, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Picha ilisambazwa: amelala, kichwa chake kifuani mwa Bauma, mtu yuleyule aliyempokea. Alikuwa na miaka 14. Msichana wetu pia alikuwa na miaka 14, yuko sekondari, na simu ya baba yake ndiyo iliyomfikishia habari. Alinipigia jioni. Hakulia. Aliniambia ile tiketi yenye pua mbili ameipata ndani ya daftari la jiografia, kisha akauliza ni nani sasa atakayelala karibu na Ndeze. Nikamwambia walezi wako palepale.

"Uwaulize," alisema. "Usiseme tu wako. Uwaulize."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya mbuga mjini, nikauliza.