Alapo Hamali: Kutafuta Chakula cha Wenyeji Mjini Istanbul

Kila mji una chakula cha namna mbili: kile kipikwacho kwa ajili ya mtu atakayerudi kesho, na kile kipikwacho kwa ajili ya mtu atakayepanda ndege usiku huu. Mpishi wa kwanza humcha mteja wake, kwani akimvunjia moyo leo, kesho atamwona akipita upande wa pili wa njia. Mpishi wa pili hana la kuchelea. Kesho ataletewa mwingine. Msafiri aingiapo mji asioujua, hasa akiwa na wazee na watoto, kazi yake ni kuutafuta mlango wa yule wa kwanza. Sisi tulikaa Istanbul siku tisa, watu saba wa nyumba moja, na tumeona ni vyema tuwaeleze wasomaji wetu namna mlango huo unavyopatikana, maana jamaa zetu wengi hupita mji ule siku hizi, wengine kwa biashara ya nguo, wengine kwa matibabu, na wengine kutembea tu.

Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15. Aghalabu mgeni hushukia Sultanahmet, kwa kuwa hapo msikiti wa Sultan Ahmed, Aya Sofia na kasri la Topkapı vyote hufikiwa kwa miguu. Kulala hapo hakuna ubaya. Lakini kila baada ya hatua chache utamkuta kijana mlangoni mwa mkahawa, ameshika orodha ya vyakula yenye picha na lugha sita, akikuita "ndugu yangu" hata kabla hamjaamkuana. Usiku wa kwanza tulikula katika mkahawa mmoja wa namna hiyo. Vililetwa visahani vya mboga na achari tusivyoviagiza, navyo vikaingizwa katika hesabu. Kuku alikuwa mkavu kama mti. Na meza iliyopakana nasi ilijaa chupa za pombe. Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka sabini na ana maradhi ya sukari, aliisukuma sahani yake kando bila ya kusema neno. Asubuhi, pale tulipolala, paliandaliwa mkate, jibini, zeituni na matango; akala nusu ya yai. Ilipofika adhuhuri hakutaka kitu, na dawa zake hazimezwi juu ya tumbo tupu. Basi suala la wapi tule likawa si la anasa tena.

Mtu akiuliza, "Wapi pana chakula kizuri?" katika mtaa wa wageni, jibu huwa ni lile lile popote duniani. Aulizwaye hufikiri, huyu ni mgeni, atapenda pahali penye taa na vitambaa vyeupe; au hufikiri juu ya binamu yake mwenye mkahawa. Kaka yetu mkubwa aliligeuza swali. Alimwendea mzee aliyekuwa akifagia ua wa pale tulipolala, akamwuliza kwa msaada wa simu: "Wewe, mzee wangu, jana ulikula wapi mchana?" Yule mzee alicheka, akauegemeza ufagio ukutani, akatuonyesha kwa mkono njia ya kuelekea Mercan, mtaa ulio kwenye mteremko kati ya Soko Kuu na bandari ya Eminönü. Kisha akaongeza neno moja ambalo hatukuhitaji simu kulielewa: hamal.

Hamal wa Kituruki ndiye hamali wetu wa Marikiti. Pale Mercan hupandisha mizigo mlimani kwa migongo na mikokoteni, na ifikapo saa sita huingia kula katika mikahawa iitwayo esnaf lokantası. Neno esnaf nalo si geni kwetu. Ni lile lile asnafu tulisikialo katika mafundisho ya zaka, yaani makundi. Waturuki wamelitumia kwa makundi ya mafundi na wenye maduka. Kwa hiyo ni mkahawa wa watu wa kazi. Chakula hupikwa alfajiri, hupangwa katika masinia ya chuma yenye moto chini yake, nyuma ya kioo, na mteja huonyesha kwa kidole. Hapana picha wala lugha sita. Unakiona chakula chenyewe, unamwona aliyekipika, na mbele yako wamepanga safu watu waliokula hapo jana.

Mama alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu kuliko sisi sote. Mara akasema kwa sauti: "Hii si bamia?" Mpishi akainua mwiko, akajibu: "Bamya!" Wakatazamana kama watu waliokutana harusini wasijuane, kisha wakagundua kuwa wana jamaa mmoja. Ilikuwa bamia ndogo ndogo, si kubwa kuliko ncha ya kidole, kwa nyama ya kondoo, nyanya na ndimu. Aliletewa na wali kidogo ambao wao huuita pilav. Mama alisema huo ni wali mweupe uliopewa jina la watu, kwani hauna bizari wala iliki wala mdalasini, ila siagi tu. Lakini aliumaliza, akameza dawa zake, akaomba chai.

Tangu siku hiyo watoto walifanya mchezo wa kukusanya maneno ambayo sisi na Waturuki tumeyachota katika kisima kimoja, Kiarabu na Kiajemi. Çay ni chai, kahve ni kahawa, sini ni sinia, dükkân ni duka. Lokma ni vidonge vya unga vilivyokaangwa na kutiwa shira, ndugu wa kaimati zetu kwa umbo na kwa asili ya jina. Mtu akiwa na maneno haya machache hafi njaa Istanbul. Yako na mengine matatu yafaayo kujifunza. La kwanza ni az, yaani kidogo: ukisema "az pilav" utapewa nusu ya kipimo kwa bei pungufu, jambo la faraja kwa mwenye kujichunga na wanga, na kwa mwenye watoto wasiomaliza sahani. La pili ni içkisiz, yaani pasipo kileo. La tatu, aile salonu, ni ukumbi wa familia, aghalabu ghorofani au sehemu ya ndani, ambako mama na watoto hukaa kwa stara. Siku hizi si wote wanaoutumia. Tuliwaona wanawake wamekaa popote. Lakini maandishi hayo yakiwapo ukutani, ujue mkahawa ule ulizoea kupokea watu na jamaa zao.

Mabango nayo yana lugha yake. Lokanta, çorbacı (muuza supu), köfteci (muuza kababu), pideci na muhallebici kwa kawaida ni mahali pa kula tu. Meyhane ni mahali pa kileo, na jina lenyewe halifichi. Mahali paitwapo ocakbaşı, ambapo nyama huchomwa mbele yako, panahitaji kuulizwa kwanza, kwani pengi huuza vyote viwili. Kuhusu bei, tangu 2024 sheria inawataka wenye mikahawa waziweke mlangoni zisomwe kabla ya kuingia. Anayekuambia "ingia kwanza, bei tutazungumza" basi umpe salamu na uendelee na safari yako.

Lililo kubwa kuliko mabango ni saa. Mikahawa ya esnaf ni ya mchana. Saa sita na nusu masinia yamejaa. Saa tisa yamebaki mawili, pengine ya maharage na ya biringani. Saa kumi mpishi anapangusa meza na hana habari nawe. Tulikutana na wageni waliokwenda magharibi, wakakuta milango imefungwa, wakarudi wakisema mahali hapo pamekufa. Chakula kimekwisha kwa sababu kilikuwa kizuri na kilikadiriwa kwa watu wa siku moja. Ijumaa baada ya sala, mikahawa iliyo karibu na misikiti hufurika. Jumapili Soko Kuu hufungwa na mikahawa mingi ya mafundi hufunga nayo.

Mbele ya msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1557, kuna safu ya mikahawa midogo inayouza kuru fasulye: maharage meupe yaliyopikwa polepole kwa nyanya na siagi, yakaliwa kwa wali na achari. Wapo wanaojinadi kuwa hapo tangu 1924. Wageni wanapajua, nalo si jambo la siri, lakini wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani bado hula hapo, na hiyo ndiyo dalili tuliyoitazama. Msikiti ule ulijengwa pamoja na jiko lake, imaret, lililolisha wanafunzi, wasafiri na maskini. Tulikula maharage yetu tukiukabili ukuta wa msikiti, na kwa kweli hatukuona tofauti kubwa kati ya hayo na mbaazi za asubuhi nyumbani, isipokuwa tui.

Mbali zaidi, wilayani Fatih, chini ya mfereji mkuu wa maji wa Warumi uliojengwa karne ya nne, kuna uwanja uitwao Kadınlar Pazarı, Soko la Wanawake. Hapo wamekaa watu waliohamia kutoka Siirt, kusini mashariki mwa nchi, na chakula chao ni büryan: kondoo aliyetundikwa ndani ya shimo la moto likafunikwa mpaka mafuta yakatiririka. Jina hilo na la biriani yetu yana asili moja ya Kiajemi, lakini usitarajie masala. Ni nyama, chumvi na mkate. Mwendeeni asubuhi. Hapa tulikaa sana, si kwa sababu ya nyama tu, bali kwa kuwa kila mwenye duka alituuliza tutokako, na tulipotaja Mombasa walituletea chai ambayo hawakuihesabu.

Mtaa wa Vefa una duka mashuhuri la boza, kinywaji kizito cha nafaka, lililofunguliwa 1876. Wenyeji hukinywa majira ya baridi kwa mdalasini na dengu za kukaanga. Kwa kuwa kinachachushwa, sisi hatukukinywa. Anayetaka hukumu yake awaulize wanavyuoni wake. Duka lenyewe, kwa vigae vyake na vioo vyake vya zamani, lastahili kutazamwa.

Wapo watakaosema, kwa nini taabu yote hii na simu ina nyota? Nyota hatuzikatai. Kitabu cha Michelin, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1900 na watengenezaji wa magurudumu ili watu wasafiri zaidi, kiliingia Istanbul 2022, na kina manufaa yake. Lakini nyota nyingi za simuni zimetolewa na wageni kama sisi, waliokula mara moja na kuondoka. Tulipopekua maoni, tuliyapita yale ya Kiingereza, tukayatafsiri ya Kituruki. Mwenyeji hulalamika kwa mambo ya maana: kwamba supu ya mwaka huu si ya mwaka jana, kwamba mpishi fulani ameondoka. Lalamiko kama hilo ni ushahidi kwamba mtu yule hurudi.

Tukiwa huko tulijiuliza mara nyingi mgeni ashukaye Mombasa hupelekwa wapi. Wengi wao hula katika mahoteli ya pwani, kwenye meza ndefu ya vyakula vya kila nchi, na huondoka bila kuonja mahamri na mbaazi, wala viazi karai, wala mshikaki wa barazani. Mwenye teksi huwapeleka anapodhani watapenda, si anapokula yeye. Sisi wenyewe tukiulizwa na mgeni, mara ngapi tumemtajia mahali ambapo hatujaingia mwaka mzima?

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili na mkahawa wa Mercan ulikuwa umefungwa. Mama alikuwa amekwisha kujitayarisha: siku ya Jumamosi alinunua katika Soko la Misri, pale Eminönü, mkufu wa bamia kavu zilizotungwa kwenye uzi kama asumini. Sasa umetundikwa jikoni. Hajaupika bado, asema anangoja kwanza ajue kama bamia hizo zitakubaliana na tui.