Mgeni Akija Nairobi, Mwonyeshe Yote

Sisi tufanyao kazi katika mji wa Nairobi hupata salamu nyingi kutoka kwa rafiki walio mbali, nazo karibu zote huishia kwa ombi moja: "Nikija, utanitembeza mji." Ombi hili ni jepesi kulitamka, lakini kulitimiza kwahitaji fikira. Maana mgeni hatazami mji kwa kufurahisha macho tu. Akirudi kwao ataulizwa habari, na kwa habari hizo mmoja atauza shamba, mwingine atamtoa mtoto shuleni, na mwingine atamlaumu kijana wake aliyekwenda mjini asilete kitu. Kwa hiyo mwenyeji ana deni, na deni hilo ni ukweli.

Mwezi wa Oktoba nilipata wageni wawili niliojuana nao chuoni, mmoja mkulima wa Taita, wa pili karani mwenzangu wa Tabora. Yule mkulima alikuwa na nia ya kuuza ekari mbili ili aje kujaribu biashara hapa. Niliwatembeza siku mbili, nami naeleza njia tuliyoifuata, huenda ikamfaa mwenyeji mwingine.

Yafaa kuanzia stesheni ya reli, maana reli ndiyo mama wa mji huu. Zamani mahali hapa palikuwa bonde la majimaji ambako Wamasai walinywesha ng'ombe wao, na jina la Nairobi latokana na maneno yao yenye maana ya maji baridi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa 1899, ikafika Kisumu 1901. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na kama 2,500 kati yao walikufa. Karibu na stesheni iko nyumba ya makumbusho ya reli iliyofunguliwa mwaka 1971, na humo mna injini kuukuu za moshi. Mkulima wetu alizizunguka mara mbili, kwa kuwa reli hiyo ndiyo ipitayo kwao Voi. Lakini msafiri wa leo ajue kwamba gari la abiria la reli mpya, lililoanza safari zake mwaka 2017, huishia Syokimau nje ya mji.

Kutoka stesheni ni hatua chache tu mpaka bustani ya ukumbusho, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa siku ile katika Nairobi, wengi wao makarani na wapita njia waliokuwa katika shughuli zao za asubuhi. Majina yao yameandikwa ukutani. Tulivua kofia, tukayasoma kimya kimya.

Mbele kidogo, katika barabara ya Moi, yasimama sanamu ya Tom Mboya, iliyofunuliwa mwaka 2011. Huyu ndiye aliyeongoza mpango wa kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani tangu mwaka 1959, naye aliuawa kwa risasi katika barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969.

Kisha tukaenda kwenye jumba la mikutano la Kenyatta, lililomalizika mwaka 1973, lenye orofa 28. Mgeni apandishwe juu kabisa, maana hapo ndipo mji unapojieleza wenyewe. Upande wa kusini utaona mbuga ya wanyama, iliyotengwa mwaka 1946, imeugusa mji. Upande wa mashariki utaona mabati na nyumba zilizobanana za Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Geuka magharibi: utaona miti tu, miti mpaka milima ya Ngong, na nyumba zimejificha ndani yake kama ndege kiotani.

Karani wa Tabora aliniuliza, "Mbona mji mmoja umekuwa miwili?" Nikamjibu kwamba haikuwa kazi ya Mungu. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu walichukua magharibi penye vilima, upepo na udongo mwekundu ulio mzuri. Wahindi wakapata sehemu za katikati na kaskazini. Na Mwafrika akawekwa mashariki, penye tambarare na udongo mweusi ushikao maji. Tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, na akikutwa bila ruhusa mahali pasipo pake alikamatwa. Walioipanda miti ya magharibi na kufagia majani yake hawakuruhusiwa kulala chini yake, ila katika vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba. Mgeni asipoelezwa haya atadhani kwamba upande mmoja una watu wenye bidii na upande wa pili wavivu.

Tuliposhuka tulifika barabara ya Kenyatta, ambayo zamani iliitwa Delamere. Hapo ipo sanamu ya watu watatu, ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliotumika katika vita ya 1914 hadi 1918, nayo imekuwapo tangu 1928. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi, na mimi hupenda wageni wamtazame huyo. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kutokana na jina hilo sisi tuna mtaa wa Kariokor na Dar es Salaam wana Kariakoo. Mgeni wangu alikuwa amepita Kariakoo mara nyingi bila kujua kwamba jina hilo ni kaburi la watu wasio na kaburi.

Si mbali na hapo ipo bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa watu wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Wakati wa chakula cha mchana utawakuta wahubiri, wabishani wa siasa, na makarani waliojilaza majanini. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari, lakini mjukuu wake Jeevanjee, Zarina Patel, aliupinga pamoja na wengine hata ukaachwa. Hali kadhalika Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa ndani yake jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai alilipinga, akatukanwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Na katika bustani hiyo hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa mbele ya umati mkubwa. Basi mgeni akisifu majani mabichi, aambiwe kwamba yangalikuwa saruji kama watu wasingalisimama.

Siku ya pili tulielekea magharibi. Tulivuka barabara kuu ya Uhuru, ambayo juu yake sasa imepita barabara nyingine ya kulipia, yenye urefu wa kilometa 27, iliyofunguliwa mwaka 2022. Matajiri hupita juu, nasi wa matatu chini. Tukaingia katika shamba la miti liitwalo Arboretum, karibu na Ikulu. Lilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni iwezayo kukua upesi na kutoa kuni za injini za reli. Injini zimeacha kula kuni, na miti imebaki kuwa pumziko la watu. Ada ya kuingia ni ndogo, na tumbili watakuibia ndizi usipoangalia.

Oktoba ni mwezi wa mijakaranda. Barabara za Kileleshwa na Lavington zilikuwa zimetandikwa maua ya zambarau kama mkeka wa arusi. Mkulima alifurahi nilipomweleza kwamba Lavington ilikuwa nchi ya kahawa, na kwamba mapadre wa Kifaransa wa misheni ya St. Austin's walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipanda karibu na Nairobi. Siku hizi nyumba za zamani zenye bustani zabomolewa moja baada ya moja, na badala yake yanasimama maghorofa.

Kisha tukashika barabara ya Ngong. Mkono wa kushoto, nyuma ya uwanja wa gofu, ipo Kibera. Wenyeji wengi huwapitisha wageni hapa kwa haraka. Mimi niliwasimamisha. Jina lake latoka neno la Kinubi lenye maana ya msitu, maana hapa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza walipewa mahali pa kukaa, lakini bila hati. Wajukuu wao walingoja hati hiyo zaidi ya miaka mia, wakapewa ya ekari 288 mwaka 2017. Kutoka lango la uwanja wa gofu mpaka mabati ya Kibera ni mwendo mfupi sana kwa miguu. Mkulima wangu alitazama chumba kimoja kilichokuwa kikipangishwa, akauliza kodi yake ya mwezi, akanyamaza.

Mwisho wa njia ni Karen, penye nyumba ya mwandishi wa Denmark Karen Blixen, ambayo imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986. Wageni wa ng'ambo huja kwa sababu ya kitabu chake cha mwaka 1937. Mkulima yafaa aje kwa sababu nyingine. Bibi huyu alikuwa na ardhi ya ekari zipatazo 6,000 na kahawa nyingi, lakini nchi ile i juu mno kwa kahawa. Ukame na bei vikaongeza dhiki, na mwaka 1931 aliondoka hana kitu. Ardhi iliuzwa ikakatwa viwanja. Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kulima humo hawakuwa na haki juu yake, ikabidi wahamishwe. Hata mwenye ardhi nyingi hushindwa akipanda kisichopatana na udongo, lakini aumiaye zaidi ni yule asiye na hati.

Tulimaliza juu ya milima ya Ngong, iliyo zaidi ya meta 2,400, katikati ya mitambo mirefu ya kuvuna umeme wa upepo. Nyuma yetu Nairobi yote. Mbele yetu Bonde la Ufa limeshuka ghafula. Hapo mkulima alisema kwamba mji ni mzuri, naye atarudi kuutazama tena na mkewe, lakini ekari zake hatauza. Atatafuta kwanza mtu wa kununua ndizi na nyanya zake hapa sokoni. Sikumshauri neno. Aliona mwenyewe.

Basi, ndugu zangu mlio mjini, mgeni akija msimfiche mashariki wala magharibi. Mwonyesheni maua, na mwambieni ni nani aliyeyapanda, ni nani aliyeyalinda, na kodi ya chumba ni kiasi gani. Akiisha kujua hayo, na achague mwenyewe.